Kabla ya kufunua mfuniko: kazi ya visima na matangi ya maji taka Malindi bila kupoteza mtu

Malindi ni mji wa mashimo. Kutoka Shella na Barani hadi Muyeye na Maweni, nyumba nyingi zina choo cha shimo au tangi la maji taka uani, na zisizo chache zina pia kisima cha maji ya chumvichumvi cha kusaidia mfereji unapokauka. Hoteli za Casuarina na Watamu zina matangi makubwa zaidi, chemba kadhaa na mashimo ya kunyonyea maji. Yote haya huziba, hujaa, hupasuka, na mtu huitwa kuingia.

Mwongozo huu ni wa yule anayemtuma mwenzake ndani: mwanakandarasi mdogo, msimamizi wa matengenezo hotelini, mwenye nyumba aliyeita vibarua wawili wamzibulie. Katika kazi hii msiba wa mtu mmoja hugeuka haraka kuwa wa watatu. Wa kwanza anaanguka, aliye juu anaruka kumsaidia, wa tatu anawafuata wote wawili, na kilichowaua ni kile kile. Kwa hiyo karibu kila linalosemwa hapa linahusu maandalizi yanayofanywa mfuniko ungali umefungwa. Ukishafunuliwa na mtu akaanguka, hakuna tena nafasi ya kupanga.

Hewa ya shimoni

Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni asilimia 20.9. Ikiwa chini ya 19.5, mtu haingii. Kwenye 16 hivi akili inaanza kulegea; mtu anajiona mzima, lakini ukimwambia apande ngazi anakutazama tu. Kwenye 10 anazimia, na chini ya 6 anakufa kwa dakika chache. Oksijeni ya shimoni huliwa na uchafu unaooza, na chuma kinachoshika kutu huila pia. Kaboni dayoksaidi nayo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujilaza chini na kujaza nafasi. Kisima kilichofunikwa miezi mingi kinaweza kuwa hivi ingawa maji yake hayana harufu hata kidogo. Wengi huogopa choo na kukidharau kisima, na hilo ni kosa.

Gesi ya pili ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Hupimwa kwa sehemu kwa milioni ya hewa. Pua huisikia hata ikiwa chini ya sehemu 1. Ikifika 100 hivi, mishipa ya kunusa hufa ganzi na harufu inapotea. Hapo ndipo kibarua husema harufu imekwisha, sasa hewa ni nzuri, kumbe gesi imepanda. Kwenye 500 hadi 700 mtu anaanguka ndani ya dakika chache. Ikikaribia 1,000, pumzi moja au mbili zinatosha kumwangusha alipo, bila kupiga kelele na bila kushika ngazi. Ndiyo maana aliye juu hudhani mwenzake ameteleza tu, akashuka kumwinua.

Gesi hii ni nzito kidogo kuliko hewa na hukaa imefungwa ndani ya tope. Tangi lililopimwa saa tatu asubuhi likaonekana safi hubadilika mara tu koleo linapogusa tope la chini, kwa sababu kila unapolivuruga linaachia gesi iliyokuwa imejificha. Kupima mara moja tu juu ya mfuniko hakuna maana.

Hapa pwani kuna jambo ambalo mafundi wa bara hawakutani nalo sana. Maji ya bahari yana salfeti, kama gramu 2.7 katika kila lita, na bakteria wanaoishi pasipo hewa huigeuza salfeti kuwa salfaidi. Nyumba au hoteli iliyo karibu na ufuo, inayovuta choo kwa maji ya kisima chenye chumvi, inalipelekea tangi lake malighafi ya gesi hii kila siku, na joto letu linaharakisha kazi. Unapouliza historia ya tangi, swali la maji yanayotumika chooni liwe la kwanza. Wakikwambia ni ya kisima cha chumvi, lihesabu tangi hilo kuwa la hatari zaidi hata kama ni dogo.

Kuna tabia ya kumwaga asidi ya kuoshea vigae au ya bwawa la kuogelea ndani ya chemba ili "kulainisha" kabla ya kuingia. Asidi ikikutana na tope lenye salfaidi inaitoa gesi kwa wingi papo hapo. Ikikutana na dawa ya klorini inatoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Waulize wafanyakazi wa usafi wamemwaga nini kwa siku tatu zilizopita, na uwakataze kumwaga chochote hadi kazi ikamilike.

Methani haina harufu na ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini ya dari ya tangi lililofunikwa. Ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inailipua. Sigara, kiberiti, grainda ya kukatia nondo iliyoshika kutu kwenye mfuniko: vyote vikae mbali. Mfuniko uliogoma unanyanyuliwa kwa mtaimbo taratibu, ukiloweshwa maji, wala haukatwi kwa mashine.

Taa, mshumaa na kuku

Njia za zamani bado zinatumika na lazima zisemwe waziwazi. Mshumaa au taa ya mafuta inayoteremshwa kwa kamba huzimika oksijeni ikishuka karibu na 16, kiwango ambacho mtu ameshaanza kuchanganyikiwa. Haikwambii lolote kuhusu haidrojeni salfaidi: moto utaendelea kuwaka vizuri katika hewa inayoua. Na penye methani, taa yenyewe ndiyo itakayolipua. Kuku akipanda mzima, umejua tu kwamba dakika ile, mahali pale alipofika, hakufa. Tope halijavurugwa bado. Kitambaa chenye maji puani, barakoa ya vumbi, hata barakoa yenye vichujio vya kemikali havimpi mtu oksijeni isiyokuwepo.

Kinachopima ni kipima gesi cha kubeba mkononi kinachosoma vitu vinne: oksijeni, gesi za kuwaka, haidrojeni salfaidi na kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya moshi wa injini. Kwa fundi mmoja ni ghali. Kwa kundi la wanakandarasi watano sita wa mji mmoja wanaogawana kipima kimoja, feni moja na stendi moja ya miguu mitatu ya kunyanyulia mtu, gharama inabebeka, na tunashauri hivyo kwa moyo wote. Asiye na kipima wala mahali pa kukiazima akatae kazi ya kuingia na afanye ile ya kutokea juu.

Kwanza jaribu kutoingia

Kazi nyingi zinazomwingiza mtu shimoni hazikuhitaji aingie. Lori la kunyonya maji taka hutoa kimiminika na sehemu kubwa ya tope. Tope gumu la chini hulainishwa kwa maji ya mpira yenye nguvu kutoka juu, likanyonywa tena. Mara mbili au tatu hufika sakafu. Kizuizi kwenye paipu ya kuingilia hutolewa kwa fito za kuzibulia kutoka kwenye chemba, si kutoka ndani ya tangi. Takataka zinazoelea hutolewa kwa reki yenye mpini wa mita 4. Kukagua ufa ukutani si lazima mtu aingie: shimo likishapulizwa hewa na kupimwa, funga simu inayorekodi video pamoja na tochi kwenye ufito, uizungushe taratibu.

Usingoje lizibe. Chukua ufito mrefu, ufunge taulo jeupe kuanzia chini, uusimamishe tangini hadi ugonge sakafu, usubiri dakika chache, uutoe polepole. Alama nyeusi kwenye taulo ni kimo cha tope. Tope na ukoko wa juu vikijumlishwa vikafika theluthi ya kina cha maji, ita lori. Linalochelewa huganda kama udongo wa mfinyanzi, na hilo ndilo linalomtaka mtu na koleo.

Angalizo la wenye nyumba za karibu na bahari: usilinyonye tangi likabaki tupu kabisa wakati maji ya ardhini yako juu, hasa masika na bamvua kubwa. Tangi la plastiki huweza kuinuka likang'oa mabomba, na ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa bila zege la kutosha husukumwa ndani na maji ya nje. Kama kuna mtu ndani wakati huo, ukuta unamwangukia.

Watu kabla ya vifaa

Ikiwa hakuna budi kuingia, panga watu watatu kwa uchache. Mmoja anaingia. Wa pili ni mlinda shimo, anayekaa mdomoni mwa shimo muda wote. Wa tatu anashughulikia feni, winchi na simu.

Mlinda shimo haondoki hata kwenda kununua maji, hapokei simu za nyumbani, na haingii kwa sababu yoyote. Hilo aambiwe mbele ya wote, na alirudie kwa mdomo wake. Hapa kuna jambo la kwetu: vibarua wa shimo aghalabu ni ndugu, au baba na mwanawe, au marafiki wa kijiji kimoja kutoka Ganda au Kakuyuni. Usimweke mlinda shimo ambaye aliye chini ni nduguye wa damu. Hakuna amri itakayomzuia kuruka, na hatuwezi kumlaumu. Mpange na wa timu nyingine.

Aliyelewa, mwenye mafua mazito, kifafa, pumu au jeraha bichi haingii. Wafanyakazi wa kudumu wa kazi hii wachanjwe pepopunda na homa ya ini, na kila mmoja awe na glavu ndefu za mpira, buti za mpira na sabuni ya kuogea pale pale kazini. Homa inayoanza siku chache baada ya kazi ya maji machafu isidhaniwe malaria tu. Mgonjwa amweleze daktari alikuwa wapi, kwa maana mkojo wa panya huleta maradhi ya leptospirosisi.

Kibali cha kazi ni ukurasa mmoja wa daftari, unaoandikwa na msimamizi papo hapo kabla ya mtu kuingia: tarehe na saa, shimo gani, kazi gani, nani anaingia, nani mlinda shimo, vipimo vya gesi juu, katikati na chini, feni imewashwa saa ngapi, kifaa cha kunyanyulia kimejaribiwa na nani, namba ya kupiga likitokea jambo. Wote watie sahihi au alama ya kidole. Kibali kinakufa zamu inapoisha au watu wakitoka kwa chakula. Kurudi ni kupima upya na kuandika upya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe kibali cha namna hii kwa kazi za hatari, kwa hiyo si urasimu wa kujitungia.

Kupuliza hewa

Funua mifuniko yote, si mmoja, na uache shimo wazi angalau nusu saa huku watu wakisimama upande upepo unakotoka. Kuacha wazi hakutoshi. Gesi nzito ya chini haipandi yenyewe.

Hesabu ya feni ni hii. Tangi la mita 3 kwa 2, lenye kina cha mita 2, lina mita za ujazo 12. Hewa yake ibadilishwe angalau mara kumi kabla ya mtu kuingia, yaani mita za ujazo 120. Feni inayosukuma mita za ujazo 10 kwa dakika itamaliza kwa dakika 12. Ipe 20, kwa sababu paipu iliyopindapinda hupunguza nguvu. Wengine huleta kompresa ya kujazia matairi. Kompresa ndogo hutoa kama lita 150 kwa dakika, hivyo mita za ujazo 120 zingeichukua zaidi ya saa 13, tena hewa yake ina mvuke wa mafuta. Na mtungi wa oksijeni wa mchomeleaji usifunguliwe shimoni kamwe: oksijeni ikizidi asilimia 23.5, nguo na nywele huwaka kwa cheche ndogo kama zimemwagiwa petroli.

Mdomo wa paipu ufike nusu mita kutoka sakafu au juu ya tope. Ukiachwa karibu na mfuniko, feni inazungusha hewa ya juu tu na ya chini inabaki ilivyokuwa. Feni haizimwi hadi mtu wa mwisho ametoka.

Jenereta inayoendesha feni nayo inatoa moshi wenye kaboni monoksaidi, na feni inaweza kuunyonya na kuupeleka shimoni. Iweke umbali wa mita 10 hivi, upande upepo unakoelekea. Wakati wa kusi, upepo ukitoka kusini mashariki, jenereta ikae kaskazini magharibi ya shimo. Wakati wa kaskazi, ikae kusini magharibi. Lakini ua wenye kuta ndefu huugeuza upepo. Funga uzi mwepesi kwenye mti mdomoni mwa shimo, utazame unapepea wapi, kisha amua.

Kupima

Washa kipima mahali penye hewa safi, mbali na shimo, uhakikishe kinasoma 20.9 na sifuri kwa vingine vyote. Kisichosoma hivyo hakitumiki. Teremsha mpira wake wa kuvutia hewa kwa kamba: chini kidogo ya mfuniko, katikati, kisha karibu na sakafu, ukingoja kama dakika mbili kila mahali kwa sababu hewa huchukua muda kupanda kwenye mpira. Soma oksijeni kwanza. Vipima vingi vya gesi za kuwaka vinahitaji oksijeni ili vifanye kazi. Pakiwa na oksijeni kidogo, vinaweza kuonyesha sifuri palipojaa methani.

Mtu anaingia oksijeni ikiwa kati ya 19.5 na 23.5, gesi za kuwaka chini ya asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka, haidrojeni salfaidi chini ya sehemu 10 kwa milioni, na kaboni monoksaidi chini ya sehemu 35 kwa milioni. Kimoja kikiwa nje ya viwango hivi, puliza tena dakika 20, upime upya. Kisha fanya lile ambalo wengi huliacha: kutoka juu, vuruga tope kwa ufito mrefu, upime tena. Namba ikiruka, hilo ndilo shimo halisi atakalofanyia kazi mwenzako, na jibu ni kurudi kwenye lori na mpira wa maji. Aliye ndani avae kipima kifuani kikiwa kimewashwa muda wote. Kikilia, anapanda. Hamalizii koleo la mwisho.

Kumtoa bila kuingia

Hakuna anayeingia kabla hajajulikana atatolewaje akiwa hana fahamu. Anavaa mkanda wa usalama wa mwili mzima, wenye pete mgongoni kati ya mabega, na kamba imefungwa hapo, ikipita kwenye winchi iliyo juu ya miguu mitatu ya chuma. Pete ya mgongoni humnyanyua mtu akiwa wima, mikono ikining'inia ubavuni. Kamba ya kiunoni humkunja katikati, humbana pumzi na kumkwamisha mdomoni mwa shimo. Mara nyingine huteleza na kumtoka kabisa.

Pasipo winchi, kapi mbili zenye magurudumu mawili mawili humfanya mtu wa kilo 80 avutike kwa nguvu ya kilo 25 hadi 30 badala ya 80. Gharama yake ni urefu wa kamba: kwa shimo la mita 4 utavuta mita 16. Mabaharia wetu wanaijua hesabu hii tangu zamani, ila kapi na kamba ziwe zilizoandikwa uzito wa kunyanyulia, si zilizotolewa kwenye mashua iliyochoka. Mti uliolazwa juu ya matofali si mahali pa kufungia kapi.

Fanya jaribio siku ya kazi. Mchanga mkavu wa ndoo mbili na nusu za lita 20 una uzito wa kilo 80 hivi. Utie kwenye magunia, uvalishe mkanda, uteremshe, kisha timu iutoe huku mmoja akitazama saa. Ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi, kwa hiyo mzigo uwe juu ndani ya mbili. Mara nyingi jaribio hili hufichua kwamba mdomo wa tangi ni mdogo. Sentimita 45 kwa 45 humtosha kijana mwembamba anayejipenyeza mwenyewe, lakini hazimtoi mtu aliyelegea akiwa na mkanda. Zinahitajika 60. Ikibidi kuvunja zege kupanua, livunjwe shimo likiwa limepulizwa hewa na hakuna mtu ndani. Mwenye nyumba atalalamika kuhusu gharama ya mfuniko mpya. Mweleze, na usimamie hapo.

Kubalianeni ishara za kamba, kwa sababu feni hupiga kelele. Mvuto mmoja ni "niko salama", mbili "legeza", tatu "nitoe". Mlinda shimo auliza kila dakika mbili. Asipojibiwa mara moja tu, anaanza kuvuta bila kungoja wala kuita ushauri. Kumtoa mtu mzima kimakosa si hasara.

Ndani, zamu isizidi dakika 20 kwa joto la hapa, na taa iwe ya betri. Waya wa volti 240 usiingie shimoni penye maji.

Pampu ya petroli kisimani

Hili linastahili kusemwa peke yake kwa sababu linaua watu waangalifu. Pampu iliyo juu ya ardhi huvuta maji kutoka kina cha mita 7 hivi na si zaidi, hata iwe kubwa namna gani, kwa kuwa ni uzito wa hewa unaoyasukuma maji kupanda. Kisima kikiwa na mita 10 au 12, mfukuaji hulaza mbao ndani ya kisima, akaiteremsha pampu ya petroli kwenye mbao ili ikaribie maji. Inafanya kazi vizuri. Moshi wake unajaza kisima kwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, miguu inalegea, na anayeshuka kumzimia pampu anaanguka juu yake. Kuizima hakusaidii mara moja, gesi inabaki.

Injini ya aina yoyote isiingie kisimani, wala isikae mdomoni mwake. Tumia pampu ya umeme ya kuzama, yenye swichi ya kukata umeme ukivuja kwa miliampia 30, na umeme uzimwe kabisa mtu anapokuwa ndani ya maji. Pasipo umeme, ndoo na kapi zitachelewesha kazi siku nzima, na icheleweshwe.

Wanaochimba kisima kipya wana hatari nyingine: udongo. Sehemu nyingi za Malindi zina mchanga juu na mwamba wa matumbawe chini, na mchanga ndio unaofukia. Mita moja ya ujazo ina uzito wa tani 1.6 hivi. Ukipita mita 1.2, teremsha pete za zege kadiri unavyochimba, weka udongo uliotolewa mita moja au zaidi kutoka ukingoni, na mvua ikinyesha usiku msiingie kabla ya kukagua nyufa.

Akianguka

Mlinda shimo avute. Wa tatu apige 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, aseme "mtu ameanguka shimoni, kuna gesi", ataje mtaa na alama ya karibu, kisha atume mtu barabarani awaongoze. Watu wa mtaa watakusanyika. Mmoja apewe kazi ya kuwazuia wasikaribie mdomo wa shimo. Atajitokeza kijana shujaa wa kutaka kuruka. Ashikwe.

Akishatoka, mpelekeni upande upepo unakotoka, mvueni nguo zilizolowa maji taka. Asipopumua, kandamizeni kifua katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana kila dakika mbili hadi msaada ufike. Msimpulizie mdomo kwa mdomo bila kizuizi, kwani pumzi yake inaweza kuwa na gesi. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, aende Hospitali ya Malindi siku hiyo hiyo: mapafu yaliyoguswa na haidrojeni salfaidi huweza kujaa maji saa nyingi baadaye, akiwa amelala nyumbani. Mpeni daktari ule ukurasa wa kibali wenye vipimo.

Kisheria, ajali ya kifo iarifiwe ofisi ya Usalama na Afya Kazini ndani ya saa 24 na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku 7. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na fidia ya kifo ni mapato ya miezi 96. Msimamizi wa hoteli anayempa kazi mwanakandarasi aombe kuona cheti cha bima kabla ya mfuniko kufunguliwa. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, na kazi za shimo za mwaka zipitishwe kwenye kikao chake, si kwa simu ya Jumamosi jioni wageni wanapolalamikia harufu.

Kufunga kazi

Hesabu watu, kisha vifaa, kisha funika. Mfuniko wenye ufa usirudishwe hata kwa usiku mmoja. Uani kuna watoto. Usipopatikana mwingine, zungushia uzio wa mbao na uweke mtu. Paka rangi kwenye ukuta ulio karibu na tangi tarehe ya kunyonya, kina cha tangi, na kipimo cha juu kabisa cha haidrojeni salfaidi kilichoonekana tope lilipovurugwa. Fundi atakayekuja miaka mitatu baadaye hatakuwa yule yule, na mwenye nyumba atakuwa amesahau.